Kamera ya Mgeni

Sultan Hamud, alasiri

Mutheu wangu,

Umeenda kusukwa, na kwa vile namjua msusi wako na mdomo wake, nina muda wa kutosha kuandika barua, kuikosea na kuiandika tena. Begi lako liko hapa dukani karibu na gunia la mchele. Nimelifungua, usikasirike. Umeweka sweta moja kana kwamba Nairobi kuna joto la Makindu, basi nimeongeza ya pili. Mambo ya sweta, ya chakula, ya kanisa na ya wavulana tuliyamaliza jana, nawe ukaniitikia "sawa, Mum" kwa sauti ile ya kumtuliza ng'ombe asipige teke. Sitayarudia.

Nataka kukwambia juu ya kazi unayoenda kufanya, na juu ya baba yako.

Juzi anti yako Ndinda alikuja kununua sukari. Akaegemea kaunta, akaangalia mlangoni kama mtu anayeuza magendo.

"Dada, unajua kwa nini huyu mtoto ameikubali kazi ya TV mbio hivyo?"

"Si ni kazi? Alitaka kukaa hapa apime unga na mimi?"

"Ameniambia siku ya kwanza akipewa ufunguo wa maktaba ya picha, anaanza na babake. Anataka kumsikia akiongea."

Nikamwambia hilo ni jambo zuri. Nikampimia sukari, nikamzidishia bila kujua, naye hakunisahihisha, unamjua. Alipotoka niliketi kwenye kreti la soda. Wateja wawili waliingia wakanisalimu wakatoka.

Najua ulikotoa hayo. Susu yako, mama ya baba yako, Mungu amrehemu, alikulea na maneno hayo mdomoni: "Baba yako yuko Nairobi ndani ya TV, anaongea." Ulikuwa mdogo, ukawa unazunguka nyuma ya TV ya jirani kumtafuta, unarudi na utando wa buibui kwenye nywele. Tulikuwa tunacheka. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumpinga mama aliyemzika mwanawe. Miaka ikapita, ukaenda chuo, ukapata cheti, na kati ya ofisi zote za Kenya hii umeitwa kwenye kituo kile kile nilichofanyia kazi mimi. Sitaki ufike huko, utafute wiki baada ya wiki, halafu siku moja ukalilie kwenye choo cha ofisi kati ya watu usiowajua. Nakwambia sasa, ukiwa bado na watu wako. Baba yako hayuko mle. Kuna kidogo tu, nitakifikia, lakini si kile unachotafuta.

Univumilie nieleze kwa njia ndefu, kwa sababu fupi siijui.

Unanikumbuka kidogo nikiwa mtangazaji. Ulikuwa unaniona kwenye TV ya jirani, Jumamosi mchana, ukamwuliza susu yako, "Mbona Mum amepakwa uji usoni?" Ulikuwa umesema kweli. Kipindi chetu kilikuwa cha wakulima, kwa Kikamba, na kamera yetu ilikuwa ya zamani, ya kutumia kanda. Ilikuwa kamera yenye huruma. Haikuona chunusi wala mikunjo, na ukivaa blauzi iliyotoboka haikukusengenya. Watu wa Matinyani walikuwa wananisimamisha sokoni: "Kumbe ni wewe? Kwa TV wewe ni mrembo sana." Hayo maneno "kwa TV" niliyameza miaka mingi na sikuwahi kuvimbiwa.

Halafu HD ikaja. Wewe umekua ukiikuta, hujui vile ilivyotushtua. Picha ilikuwa safi kiasi kwamba ukimwona mtu kwenye skrini unataka kumpa kitambaa ajipanguse jasho. Kituo kilinunua kamera chache za aina hiyo, na siku ya mkutano wa kuzigawa tulikaa wima sote kama watoto wanaosubiri nyama. Tamthilia ya jioni ikapata. Mpira ukapata. Kipindi cha nyimbo za injili cha Jumapili kikapata, kwa sababu waimbaji huvaa nguo za kung'aa na wenye kuuza sabuni wanapenda vitu vya kung'aa. Wale wa mjadala wa asubuhi waliikataa wenyewe, maana ukuta wa studio yao ulikuwa mbao nyembamba zilizopakwa rangi, na HD ingeonyesha misumari. Sisi wa wakulima tukaambiwa tuendelee na yetu.

Nikainua mkono. Unaujua mdomo wangu, umeurithi.

"Bosi, na sisi?"

"Mama Mutheu, mtazamaji wako ana TV ya aina gani?"

"Ile yenye mgongo."

"Basi. Hata nikikupa HD, ikifika Mutomo kwenye TV yenye mgongo itakuwa imechoka vile vile. Unataka mbuzi waonekane unywele mmoja mmoja?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, na nilicheka kuwashinda, kwa sababu mtu akikufanya kichekesho mbele ya wengine ni afadhali uonekane mmekubaliana. Kisha akanieleza kwa upole, kama mwalimu wa shule ya Jumapili. Tamthilia, alisema, ni kama mahindi makavu. Unaiweka ghalani, mwaka ujao unaionyesha tena, na nchi jirani wanaweza kuinunua, lakini siku hizi hakuna anayenunua ambayo si HD. Mpira una wenye kutoa matangazo, na hao wanataka majina yao yasomeke uwanjani. "Kipindi chako ni kama nyanya," akasema. "Leo umewaambia watu dawa ya viwavi na soko la ndengu. Mwezi ujao nani atataka kuiona tena?" Tena HD ni nzito: inajaza mashine, inachelewesha wanaounganisha picha, na kuirusha hewani inahitaji njia pana ambayo kituo kinailipia. Haiwezi kupewa kila mtu.

Hakuwa mjinga, Mutheu, wala hakuwa mtu mbaya. Ndiyo maana bado inaniuma. Mtu mbaya ungemtukana ukalala. Kila alichosema kilikuwa na akili, na bado kilituacha nje. Picha yetu ilikuwa mbaya, kwa hivyo wenye matangazo hawakututaka. Kwa vile hawakututaka, hatukupata kamera. Kwa vile hatukupata kamera, picha yetu ikabaki mbaya. Tulikuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba kwenye mti, anakula duara lake mpaka anafika mchanga, kisha watu wanamwuliza mbona amekonda.

Lakini siwezi kumwachia bosi mzigo wote, kwa sababu kamera nzuri ilitufikia. Siku moja. Tena ilikuja yenyewe na miguu yake.

Kule Mutomo kikundi cha mwethya, wale kina mama wa kusaidiana kazi, walikuwa wamejenga bwawa la mchanga. Umeyaona hayo: ukuta unajengwa katikati ya mto mkavu, mvua inaleta mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani ya mchanga. Kina mama walibeba mawe, na baba yako ndiye alikuwa fundi wao wa ukuta. Mheshimiwa fulani akasema atakuja kulifungua. Kwa vile ni mheshimiwa, kituo kilituma kamera mbili: mpiga picha wetu Kilonzo na ile ya kanda kwa ajili ya kipindi changu, na bwana mmoja mnene, mpole, kutoka Nairobi, na HD kwa ajili ya mgeni na taarifa ya habari.

Mgeni akachelewa. Utanishangaa nikitaja hilo kama habari. Kiti chake kilikuwa tayari, kimevishwa kitambaa cha kufuma. Soda zake zilikuwa kwenye karai, zimefunikwa gunia lililolowa, na sisi tulikuwa tunazitazama tu na koo kavu. Jua likapanda likatukuta hapo. Yule bwana mnene alikuwa amekula, amepumzika, amechoka kupumzika. Akaja kwangu.

"Madam, huyu fundi si anaweza kutueleza ukuta, mgeni akiwa bado njiani? Nimchukue na hii yangu. Ni bure tu imekaa."

Kabla sijafungua mdomo, mwenyekiti wa kikundi, Mama Kasyoka, akaruka.

"Hiyo ya mgeni? Aa! Ikimaliza moto, mgeni akifika tutamwambia nini?"

"Mama, nina betri zingine."

"Hata kama! Wacha ipoe. Imesafiri."

Mama mwingine akaongeza, "Ukianza na fundi, kesho utasema tuanze kula kabla ya mgeni." Na wote, haki, wakamwangalia yule bwana kama mtu aliyeingiza kidole kwenye sufuria.

Baba yako alikuwa anapangusa simenti kwenye mikono yake. Akacheka. "Mimi ile ya Kilonzo inanitosha, tumezoeana. Hiyo yako itaona mpaka nilichokula asubuhi."

Na mimi? Mimi niliyeinua mkono mkutanoni, mimi mpiga kelele wa wakulima, nilisema nini? Nilisema, "Asante sana, bwana, lakini tumngoje mgeni." Kwa sauti tamu kabisa, ya adabu. Yule bwana akainua mabega, akarudi kivulini na kamera yake mapajani kama mtoto wa watu.

Hatukuona kama ni kosa, Mutheu. Tuliona ni malezi. Wewe mwenyewe umekulia humo. Vikombe vyenye maua vilivyo kwenye kabati letu, umewahi kunywea? Thamosi kubwa je? Sofa si tuliifunika hata ikachakaa chini ya kitambaa bila mtu kuikalia? Bosi wangu alipokuwa anasema kizuri ni cha wenye kulipa, mimi nilikuwa nakasirika, kumbe nimetoka nyumbani ambako tangu utoto nilifundishwa kizuri ni cha anayekuja. Yeye na mimi tulifika mahali pamoja kwa njia mbili. Ila yeye alikuwa analipwa.

Basi baba yako alieleza ukuta wake kwa kamera ya Kilonzo. Mgeni akafika mwishowe, akazungumza sana juu ya mgeni. HD ikamchukua vifungo vyote vya koti. Kipindi changu kilionyeshwa Jumamosi iliyofuata, mara moja, mchana wakati watu wako shambani.

Mwaka haukuisha baba yako akaugua na kutuacha. Hiyo unaijua. Usilolijua ni kwamba baada ya matanga nilipanda kwenda Nairobi kuitafuta ile kanda. Picha tuliyokuwa nayo ni hiyo iliyo ukutani, iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho, ambayo anaonekana kama anashtakiwa. Nilitaka uwe na kitu anachocheka ndani yake.

Mama aliyetunza maktaba ya picha alinijua. Aliitafuta kwa moyo wote, akaipata. Karatasi yenye maandishi yangu ilikuwa imekwanguliwa, juu yake imebandikwa nyingine. Akaniangalia, akasema polepole, "Pole, mama. Kanda zilikuwa chache. Zikishaonyeshwa tunazitumia tena. Za HD peke yake ndizo zinanakiliwa na kuwekwa."

Nikamwomba aiweke kwenye mashine hata hivyo. Wanaume waliovaa tai walikuwa wanabishana juu ya penalti. Nilikaa nikawatazama mpaka mwisho, kila neno, nami sijui mpira ni nini. Nilitumaini wangenyamaza mapema. Na kweli, walipomaliza, kulibaki kipande kidogo cha mkanda ambacho hawakukifikia. Ikatokea Mutomo. Viti vya plastiki, kisha mbuzi mmoja anatafuna katoni. Kisha giza. Mbuzi alinusurika, Mutheu. Nilicheka kwa sauti mle ndani, na yule mama akafikiri nimerukwa na akili, akaniletea maji.

Nilirudi kazini. Mtu anakula wapi? Niliendelea mpaka kituo kizima kilipohamia HD, na wakulima nao wakapata, hatimaye, baada ya kampuni moja ya mbegu kukubali kugharimia. Niliambiwa uso wangu "una uzoefu mwingi." Wakachukua msichana mwenye ngozi ya mtungi mpya na gambuti ambazo hazijawahi kukanyaga matope. Simchukii. Anamwita ng'ombe wa maziwa "huyu mrembo wetu," lakini simchukii. Nilikuja hapa nikafungua duka, na kwa muda mrefu nilikuwa nazima TV kipindi chake kikianza. Kisha nikaacha kuizima, ili niweze kumkosoa vizuri.

Sasa kile kidogo nilichokuahidi. Msimu mmoja wa kampeni, TV ya hapa dukani ilikuwa inaonyesha wanasiasa kama kawaida, nami nilikuwa napima unga. Nikasikia sauti ya yule mheshimiwa. Nikainua kichwa. Ilikuwa siku ile ya Mutomo, HD, safi kama imepigwa jana, nzi wametua begani mwake unawahesabu miguu. Na nyuma ya bega hilo, kutoka kushoto, mtu akapita amebeba kiti cha plastiki kichwani. Akapita tu. Shati la kijani. Nilimjua kwa mwendo, ule wa kutupa mguu wa kulia kidogo.

"Mama, nimeomba unga, mbona unanipa sabuni?" mteja akaniambia.

Uso wake hauonekani. Nilimpigia Kilonzo, akanieleza kwamba kamera nzuri ina tabia hiyo: ikimshika aliye mbele inamfanya awe safi, na aliye nyuma inamyeyusha, ili macho yako yasipotee. Kwa hivyo siku HD ilipomwona baba yako, ilimwona kama doa la kijani lenye kiti. Alikuwa anampelekea mmoja wa watu wa mgeni kiti cha kukalia.

Hicho ndicho kilichopo. Kiko kwenye maktaba yenu, kimehifadhiwa vizuri, hakitafutwa kamwe. Ukikitaka, tafuta kwa jina la mheshimiwa, kwa sababu jina la baba yako halikuandikwa popote. Na ukiamua kutokitafuta, sitakuuliza.

Kazini utaketi mbele ya mashine, na mtu atakwambia hiki kibaki, kile kifutwe, nafasi imejaa. Na nafasi itakuwa imejaa kweli, hiyo ndiyo taabu. Ningependa kukufundisha la kufanya siku hiyo, lakini mimi nilipopewa nafasi nilisema tumngoje mgeni, kwa hivyo sina cheti cha somo hilo. Utaamua mwenyewe. Ukiona unaamua haraka sana, simama kidogo. Hapo ndipo mimi ningesimama.

Nimekusikia ukiongea na mtu nje ya duka la jirani, kwa hivyo nimalize. Alichosema baba yako siku ile nitakuandikia ninavyokikumbuka, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele yake nimeshika kipaza sauti.

Kilonzo alisema "tayari." Baba yako akakohoa, akavua kofia, akaivaa tena. Akasema hivi: "Watu wanapita hapa wanaona ukuta na mchanga, wanauliza, hawa wanazuia nini? Wacha waulize. Mvua ikija, mchanga utalala hapa, na maji yatalala chini ya mchanga, na jua halitajua yako wapi." Kina mama wakaitikia. Kisha akanyoosha mkono akakuonyesha wewe, ulikuwa mgongoni mwa Ndinda umelala mdomo wazi. Hakuwahi kukuita Mutheu, maana hilo ni jina la mama yake. Alikuita Mwaitu, mama yetu, kama alivyomwita aliyemzaa. Akasema, "Na huyu Mwaitu mnayemwona hapo..."

Akasema jambo juu yako. Lilikuwa fupi. Kina mama walicheka mpaka Mama Kasyoka akaketi kwenye kiti cha mgeni bila kujua, na Kilonzo akacheka, kamera ikatikisika. Nimemwuliza Ndinda. Nimemwuliza Kilonzo. Nilimwuliza hata Mama Kasyoka kabla hajafa. Kila mmoja anakumbuka vile tulivyocheka, Mwaitu. Hakuna anayekumbuka alisema nini.

Mama